Kumvalisha Kipanga

Mwezi wa nne tangu juya la kukokota lipigwe marufuku, Nahodha alikuwa amekwisha kurekebisha kila kilichoharibika nyumbani, na sasa alikuwa ameanza kurekebisha visivyoharibika. Alikaza bawaba za milango yote, akapaka rangi ukuta wa jikoni, akabadilisha mpira wa bomba ambalo halikuwa likivuja. Lilianza kuvuja. Mama yake, aliyeishi nao, akachukua bisibisi na kuificha chini ya godoro lake.

"Mwanamume wa baharini akikaa nchi kavu," mama alimwambia mkwewe, "ni kama kinu katikati ya sebule. Hakina kosa, lakini kila mtu anajikwaa."

Mkwewe alicheka chinichini. Huyo bandari nzima ilimwita Sindano, na kazi yake ilikuwa kwenye ghala la nyavu, jengo refu la mabati nyuma ya gati, ambako kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akivalisha vyombo. Hilo ndilo neno lao. Mwili wa boti ni chuma kile kile, ila mavazi yake ndiyo yanayoamua itakula nini. Boti ya juya huvaa winchi nzito katikati ya sitaha, nyaya mbili nene zinazopita nyuma, tezini, na milango miwili ya chuma inayoning'inia huko kama masikio. Ikizamishwa, maji husukuma kila mlango upande wake, na mdomo wa wavu ukafunguka huko chini kwenye sakafu ya bahari. Boti ya kuzungusha huvaa mkono mrefu wenye kapi kubwa, gurudumu la kuvutia wavu, juu yake, maana wavu wake ni ukuta unaozungushwa samaki wakiwa kundi, kisha chini ukafungwa kwa kamba inayopita kwenye pete, kama mdomo wa mfuko, na ukuta wote ukavutwa juu kwa lile kapi. Boti ya ndoana ndiyo inayovaa kidogo kuliko zote: gurudumu dogo ubavuni la kuvutia mshipi, ile kamba ndefu yenye ndoana, na meza tezini ya kuumwagia. Sindano alikuwa akiona boti ikiingia kwa mbali, kabla jina halijasomeka, anajua imekwenda kutafuta nini na imekosa nini.

Kipanga alikuwa boti ya juya, mita kumi na nane, mali ya mtu aliyeitwa Tajiri hata na wadai wake. Nahodha alikuwa ameiendesha miaka kumi na miwili. Tangu marufuku ilikuwa imefungwa gatini, inaota majani ya kijani kiunoni.

Basi Jumatatu moja Nahodha aliitwa ofisini, na aliporudi alitembea kama mtu mwenye viatu vipya. Tajiri alikuwa ameamua kutoikata boti vyuma chakavu. Angeivalisha upya, iwe ya kuzungusha, kwa kuwa samaki wadogo wa makundi ndio wenye soko sasa. Amekwisha kumpata Mhandisi kutoka nje, amekuja na michoro. Na nahodha ni yule yule.

Mama alirudisha bisibisi.

*

Kazi ilianza. Milango ya juya ilishushwa ikalazwa kwenye kokoto, nyaya zikatolewa, na ghala likapewa wavu wa kushona: mita mia nne za ukuta, maboya juu, risasi na pete chini. Sindano na wenzake watatu waliushona kwa wiki tatu, vidole vimeota sugu juu ya sugu. Huko gatini mafundi wa kuchomelea walisimamisha mkono wa chuma nyuma ya chumba cha usukani, na siku ya Alhamisi wakalitundika kapi kileleni.

Siku hiyo saa sita Sindano alitoka kula mkate wake kwenye kivuli cha ghala. Tagi ya bandari, boti ya kuvuta meli, ilipita kwa kasi, mawimbi yake yakafika gatini, na boti zote zikayumba pamoja. Zile nyingine ziliinama zikainuka. Kipanga aliinama, akakaa kidogo huko huko, kama mtu aliyeulizwa swali gumu, ndipo akarudi.

Sindano aliacha kutafuna. Alivua saa mkononi akaishika kiganjani, akasubiri tagi irudi. Kutoka kuinama hadi kuinama tena upande ule ule, sekunde kumi. Alimjua Kipanga wa zamani: sita, na alikuwa akirudi kwa mtikisiko mkali kiasi cha kumwaga chai ya mpishi. Boti inayorudi kwa haraka inamchosha baharia. Inayorudi polepole inambembeleza, na siku moja hairudi.

Kesho yake na kesho kutwa alihesabu tena. Kisha akapanda ofisini.

Walikuwemo watatu: Tajiri nyuma ya meza, Mhandisi na karatasi zake, na Nahodha kwenye kiti cha pembeni. Hakuna aliyemwambia akae. Alieleza akiwa amesimama mlangoni. Alisema kwamba uzito wote wa juya ulikuwa chini, na sasa uzito umepandishwa juu. Kwamba wavu wenyewe ukiwa mkavu ni tani tatu, ukilowa hakuna anayejua. Kwamba kapi likivuta wavu uliojaa samaki, ni sawa na kuwatundika samaki wote kileleni mwa ule mkono. Alitaja sekunde zake.

Mhandisi alimsikiliza kwa adabu, halafu akamjibu Nahodha. Alimwambia kwamba mkewe ana macho mazuri, ila hesabu za namna hii zinafanywa kwa kompyuta, si kwa saa ya mkononi. Tajiri akaongeza kwamba sindano ikitoka kwenye uzi hupotea, afadhali irudi. Wakacheka. Nahodha naye akacheka, kicheko kifupi, cha puani.

Sindano alishuka ngazi akarudi kwenye pete zake. Vicheko vilikuwa vitatu, lakini ni kimoja tu kilichomfuata hadi nyumbani.

*

Hakugombana naye. Kwa siku nne alimtendea kama mgeni wa heshima. Alimkaribisha chakula, alimshukuru kwa kurudi salama, alimuuliza kama maji ya kuoga yanatosha. Nahodha alitamani atukanwe. Mama aliwatazama akala kimya, maana alikwisha kuishi muda mrefu na kujua kwamba nyumba yenye kelele inapona haraka kuliko yenye adabu.

Jumatano Nahodha alirudi na karatasi. Aliiweka mezani ikiwa imekunjwa, akaizunguka jioni nzima kama paka na maji. Ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema kwamba zana za boti zimebadilishwa bila kugusa uthabiti wake majini, na kwa hiyo cheti cha zamani, kilichotolewa boti ikiwa ya juya, kinaendelea kufaa. Chini palikuwa na sahihi mbili, ya Tajiri na ya Mhandisi, na mstari wa tatu mtupu. Alitakiwa kuirudisha Ijumaa. Tajiri hakuwa amemtisha. Alikuwa amesema tu, huku akifunga droo, kwamba siku hizi manahodha wasio na boti ni wengi kuliko boti zisizo na manahodha.

Alhamisi alasiri Sindano alirudi kazini akamkuta amekaa mezani na kalamu, mama akichambua maharage upande wa pili. Aliisoma karatasi akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti.

"Baba watoto, nikuulize kitu kimoja tu. Juzi ulilala ndani ya Kipanga kulinda vifaa. Ulipolala pale, ulihesabu ngapi?"

Nahodha aligeuza kalamu.

"Sikuhesabu."

"Miaka kumi na miwili umelala mle. Huwezi kulala usihesabu."

Maharage yalidondoka kwenye sahani moja moja. Nahodha alitazama ukuta alioupaka rangi mwenyewe.

"Kumi," alisema. "Wakati mwingine kumi na moja."

"Kwa hiyo ulijua nilipokuja kule juu."

"Nilijua kabla yako. Niliisikia miguuni, siku ile ile walipotundika lile kapi."

"Sasa mbona ulicheka?"

Mwanamume huyu alikuwa amewahi kuongoza boti kwa saa kumi na nne kwenye tufani bila kuachia usukani, na watu wake walimsifu kwamba hajui hofu. Ilikuwa kweli kwa upande wa maji. Hofu yake ilikuwa ya kiti cha sebuleni.

"Nilicheka kwa sababu nilitaka boti," alisema.

Sindano aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne kumtazama usoni. Alimwambia boti ataipata, akitia sahihi anaipata kesho asubuhi. Yeye alikuwa akiwafikiria wale sita watakaopanda nayo, na wake zao, ambao wote anajua milango yao.

Mama alisukuma sahani ya maharage kando.

"Mwanangu, mimi nilikuzaa mara moja," alisema. "Sina nguvu za kukuzaa tena."

Nahodha alirudisha kifuniko cha kalamu.

*

Ijumaa Tajiri aliipokea karatasi, akaigeuza, akautafuta wino usiokuwapo. Hakupandisha sauti. Aliomba ufunguo wa chumba cha usukani. Nahodha akatoa kishada chake cha funguo, na mbele ya makarani watatu akaanza kuutoa ule ufunguo kwenye pete. Pete ilikuwa ngumu na kucha zake zilikuwa fupi. Alihangaika mpaka karani mmoja, binti mdogo, akamwonea huruma, akamsaidia kwa kucha yake ndefu iliyopakwa rangi nyekundu. Nahodha alisema asante, akatoka.

Nje alimkuta mkewe amesimama kwenye jua na kitambulisho chake mkononi. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Hakumuuliza kilichotokea. Alimwambia ofisi ya ukaguzi wa vyombo inafungwa saa tisa.

Huko walikaa kwenye benchi. Waliambiwa mkaguzi yuko kikaoni, halafu yuko chakulani, halafu wakaambiwa waandike barua. Mlinzi aliwahamisha benchi mara mbili ili kupiga deki. Saa tisa kasorobo mwanamke mwembamba alitoka na funguo za gari mkononi, na Sindano akasimama mbele yake, si kwa ujeuri, ila kwa namna ambayo ingebidi amzunguke. Alimweleza kwa maneno machache. Mkaguzi alitazama saa yake, kisha akauliza:

"Ulihesabu mara ngapi?"

"Mara tisa. Siku tatu tofauti. Tangi za mafuta zilikuwa nusu."

Mkaguzi alirudisha funguo kwenye mkoba, akafungua tena mlango wa ofisi, akachukua daftari. Nahodha alimtazama mtu aliyesoma akiandika maneno ya mkewe, tarakimu kwa tarakimu, na akaona haya hadi masikioni, kwa sababu yeye aliyapata maneno hayo bure, akayacheka.

*

Kipimo kilifanyika Jumanne asubuhi, bahari ikiwa imetulia kama mafuta kwenye sahani. Watu wote walishushwa. Ndani ya ngama, tumbo la boti, Mkaguzi alitundika uzi mrefu wenye timazi, timazi ikazama kwenye ndoo ya maji ili isicheze, na pembeni akaweka rula. Kisha vipande vya chuma vya kilo hamsini vikahamishwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, kidogo kidogo, na kila mara yeye alishuka kusoma uzi umetembea kiasi gani. Kwenye boti nzuri uzi hutembea upana wa kidole. Huu ulitembea upana wa kiganja.

Mkaguzi alirudia mara tatu. Hakutoa hotuba. Alisema boti hii haitapita mdomo wa bandari ikiwa na kitu kile mgongoni. Mhandisi alisema wavu haujapakiwa bado, na Mkaguzi akamjibu kwamba ukipakiwa hali haitakuwa nzuri zaidi, au kompyuta inasema vingine? Kesho yake asubuhi Mhandisi hakuonekana, na mchana ikajulikana kwamba amesafiri.

Ungedhani watu wangemshukuru Sindano. Lakini mtu huokolewa na hatari asiyoiona, na njaa anaiona. Mabaharia sita walikuwa wameahidiwa kazi, na sasa boti iko pale pale, haina juya, haina wavu, ina mkono mrefu usio na kazi. Serehangi ndiye msimamizi wa mabaharia, na mke wake aliacha kumsalimia Sindano bombani. Msimamizi wa ghala, ambaye Tajiri alikuwa mteja wake mkubwa, alimwondoa kwenye nyavu akampa kuchambua kamba kuukuu, kazi ya wanaoanza. Sindano alizichambua. Alizichambua vizuri kiasi kwamba wanaoanza walikuja kutazama.

Lakini kichwa chake hakikuwa kwenye kamba. Siku moja akila chakula aliacha tonge hewani.

"Tulikuwa tunambishia mvaaji," alimwambia mumewe. "Kosa si la Kipanga. Amevalishwa koti la mtu mwingine."

Jumamosi hiyo walikwenda wote wawili gatini na futi ya kupimia, yeye akishika ncha moja na Nahodha nyingine, wakampima Kipanga kutoka nje kama fundi nguo anavyompima mteja asiyelipa.

*

Jumapili ghala lilikuwa tupu. Sindano alikuwa ameomba sakafu, na msimamizi akakubali kwa kuwa hakuona ubaya wa kumkubalia mtu sakafu. Alifika na pakiti mbili za chaki. Saa tatu, sitaha ya Kipanga ilikuwa imelala kwenye saruji, mita kumi na nane kutoka omo hadi tezi, kwa ukubwa wake halisi: kingo, mlango wa ngama, chumba cha usukani kilichojengwa kwa makreti manne ya samaki. Mabaharia walikuja kwa sababu Nahodha aliwaita, na wawili walikuja kwa sababu walitaka kucheka. Serehangi, mtu mnene mwenye miaka hamsini, alisimama nje ya mstari amekunja mikono.

"Shemeji," alisema, "hii boti ya chaki itakula nini? Vumbi?"

"Ndoana," alisema Sindano. "Panda."

Akapanda. Wote wakapanda, wakicheka kidogo.

Aliwaeleza akitembea. Ule mkono unakatwa na kapi linashushwa. Nyuma hakubaki kitu kirefu kuliko kifua cha mtu. Ngamani, kando ya mkuku, uti wa mgongo wa boti, inalazwa farumi ya kuituliza, tani mbili za vipande vya chuma vilivyofungwa visitembee. Tezini inakaa meza ya kumwagia mshipi: ndoana elfu moja na mia mbili, kila moja na kigwe chake cha urefu wa mkono, zimepangwa kwenye reli zikienda moja moja bila kusubiriana. Ubavuni kulia, karibu na omo, gurudumu la kuvutia. Samaki wanakuja mmoja mmoja, hai, hawajapondwa na wenzao. Kapi halinyanyui kundi. Uzito wote unaingia kwa mlango wa chini.

Kisha akampa Serehangi ncha ya kamba, akamwambia avute kama anavuta kweli. Mwingine akawa wa kutoa ndoana, mwingine wa kupokea samaki, na samaki wakawa viatu vyao wenyewe. Nahodha aliingia kwenye makreti yake manne, akashika usukani wa hewa. Mwanzoni walikuwa wakifanya mchezo. Baada ya dakika kumi waliacha kucheka, kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kufikiri.

"Simwoni mkono," Nahodha alisema kutoka kwenye makreti. "Namwona Serehangi kichwa, mkono wake simwoni. Ndoana ikimnasa sitajua."

Sindano aliinama, akafuta gurudumu kwa kiganja, akalichora hatua mbili nyuma. Wakavuta tena. Serehangi akasema kwamba akimtoa samaki, inabidi avuke mshipi uliokaza akiwa na kisu mkononi, na yeye ana mke. Sindano akafuta tena, akahamisha meza ya kisu. Hakutetea mstari wake hata mmoja. Kila walipomwonyesha kosa alilitazama, akauliza swali moja, akafuta. Kufika saa sita magoti yake yalikuwa meupe, na sakafuni palikuwa na boti ya tano juu ya vivuli vya nne za kwanza, na ile ya tano watu sita walikuwa wakipishana ndani yake bila kugusana.

Hawakumwona Tajiri akiingia. Msimamizi alikuwa amempigia simu, na sasa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye makreti, ameshika miwani, akitazama watu wazima wakivua viatu kutoka kwenye saruji. Alisogea aone vizuri.

"Tajiri," Serehangi alimwambia bila kuacha kuvuta, "umesimama baharini."

Tajiri alitazama miguu yake. Akavuka mstari, akaingia ndani ya boti.

Alikaa humo saa nzima. Aliuliza kuhusu barafu, kuhusu chambo, kuhusu wavu wa mita mia nne ambao hauna kazi tena, na Sindano akamwambia kuna boti pana upande wa pili wa ghuba iliyozaliwa kwa ajili ya wavu ule, mwenyewe atautaka. Mwisho akauliza siku ngapi. Sindano akasema ishirini na mbili, fundi wa kuchomelea asipolewa. Na akaongeza mambo mawili: Mkaguzi aitwe kabla rangi haijakauka, na kila kitu kinachofungwa kwenye sitaha ile kifungwe pale atakaposema yeye.

Tajiri alivaa miwani. Hakumtaja Nahodha. Kesho yake tarishi wa ofisi alileta nyumbani ufunguo wa chumba cha usukani, umefungwa kwenye gazeti. Mama aliufungua, akasema kuna watu huomba radhi kwa mkono wa tarishi, na akamwambia tarishi asubiri chai.

*

Siku zile ishirini na mbili watu wa bandarini walizizungumza baadaye kama watu wanavyozungumza mechi nzuri. Fundi wa kuchomelea, aliyejulikana kwa ulevi wake, hakulewa. Alisema haiwezekani kulewa huku mwanamke yule amesimama nyuma yako na futi. Sindano alipanda na kushuka ngazi za gati tangu asubuhi, amevaa ovaroli ya mumewe iliyokunjwa miguuni. Alipiga kila boliti kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Zile za kwanza za gurudumu zililia vibaya sikioni mwake, zikatolewa, na kweli mbili zilikuwa na ufa. Vigwe elfu moja na mia mbili vilifungwa ghalani, na siku ya mwisho mke wa serehangi alikuja mwenyewe, akakaa chini, akauliza fundo linafungwaje.

Mkaguzi alikuja, akatundika timazi yake. Safari hii alisoma uzi mara moja tu. Alipokuwa akikunja vifaa alimuuliza Sindano alisomea wapi, na Sindano akamwonyesha ghala.

*

Siku ya kwanza ya kujaribu zana, Kipanga alitoka alfajiri, na Sindano alikuwemo. Nahodha ndiye aliyeomba. Alisema fundi anatakiwa kuona nguo ikivaliwa. Sindano alikuwa amevalisha vyombo arobaini na vitatu, na jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria, hata mumewe, ni kwamba hakuwa amewahi kutoka nje ya mdomo wa bandari.

Alitapika saa mbili mfululizo. Serehangi alimshika ukosi wa ovaroli kwa heshima zote, akitazama pembeni. Kisha mshipi ukaanza kumwagwa, na Sindano akajifuta mdomo, akasogea tezini. Ndoana zilitoka kwenye reli moja baada ya nyingine, kila moja ikinyoosha kigwe chake kabla ya kuzama, na hakuna iliyomsubiri mwenzake. Alizitazama mpaka ya mwisho. Huko ghalani kila kitu alichokifunga kilikuwa kimelala. Hakujua kwamba kikiamka kinaonekana hivi.

Walisubiri, wakala, wakarudi kwenye boya la kwanza kuvuta. Ndoana hamsini za kwanza zilikuja tupu. Ya sitini na kitu, mshipi uliruka kutoka kwenye gurudumu ukampiga Serehangi begani. Akaurudisha. Ukaruka tena.

Sindano alipiga magoti kando ya gurudumu, shavu karibu na chuma. Boti ikiwa gatini gurudumu lilikaa sawa. Huku, mawimbi yakiinua ubavu, mshipi uliingia kwa pembe ambayo chaki haikuwa imeijua. Alilegeza boliti mbili. Akavua kandambili, akaazima kisu cha Serehangi, akakata kipande cha soli chenye unene wa kidole, akakichomeka chini ya kiti cha gurudumu, akakaza. Kisha akasimama pale pale, mguu mmoja peku, akaashiria wavute.

Mshipi uliingia, ukakaa. Ndoana moja, nyingine, nyingine. Halafu kule chini, kwenye maji ya kijani, kitu kirefu chenye kung'aa kiligeuka ubavu, na nyuma yake kingine, na kingine kwa mbali zaidi, kama taa zinazowashwa kwenye mtaa.

Nahodha alipunguza injini. Alitoa kichwa dirishani, na sauti yake ilikuwa ile ya kazi, ile anayoitumia kwa watu anaowaamini.

"Fundi, nikuendee vipi?"

Sindano hakugeuka kumjibu. Macho yake yalikuwa kwenye mshipi. Alinyanyua mkono, kiganja kikitazama chini, akaushusha kidogo, ishara ya polepole, akauacha hapo hewani, na boti nzima ikausubiri.